Siku ya Tatu

Kwenye daftari la mlangoni, Augusta,
kuna safu nne: jina, mji, unaunga mkono au unapinga,
na ya mwisho: unamwakilisha nani?
Kalamu imefungwa uzi kama mbuzi mwizi.
Nyuma yangu foleni inakanyaga theluji iliyoyeyuka zuliani.

Nimetoka Lewiston alfajiri, moja kwa moja kutoka zamu,
mikono bado inanuka dawa ya sakafu za hospitali.
Tuko kumi na wanne kwenye gari la kanisa,
Wabembe, Wafuliiru, Wasomali wawili,
na mama mmoja wa Angola asiyechoka kugawa maandazi.
Mzee Asukulu alikataa kuja.
"Wenye nyumba wakigombana," alisema,
"mgeni hutazama viatu vyake."
Nikamuuliza: mwenye nyumba ni yupi?
Akanyamaza.
Akanipa funguo za gari.

Maana nilishuka basi hapa Agosti moja, nikitokea Dallas,
na siku ya tatu, sitii chumvi, siku ya tatu,
nikapelekwa mashariki kuchuma bluberi:
uwanda usio na mti, mawe, mbu.
Reki sikujua kuishika. Nilikwangua udongo, nikang'oa mizizi.
Akaja mwanamke mwenye kofia ya besiboli,
Lorna Sapiel, Mpasamakwodi wa Sipayik,
akasimama nyuma yangu, akanishika viwiko.
Si nguvu, ni kiuno. Chana, usikwangue,
kama nywele za mtoto aliyelala.
Akaniachia reki yake, mpini umezungushiwa utepe mweusi,
akaondoka na yangu, ile mbovu.

Kwetu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Miaka kumi na moja nimepewa fomu, namba, blanketi,
na subira kwa lugha sita.
Jembe nililipata kwake.

Mpwa wake, Denny, ana kiti ndani ya bunge hili.
Kiti cha ngozi, jina lake limechongwa kwenye shaba.
Anaruhusiwa kusalimu, kusimama,
kusema mpaka mate yamkauke.
Kengele ya kura ikilia
wenzake wanabonyeza vitufe,
yeye anakunja mikono.
Amealikwa karamu iliyopikwa jikoni kwa bibi yake,
akapewa harufu.

"Mimi pia sina kura," nilimwambia Lorna kwenye maegesho.
Akacheka, si kwa furaha.
"Yako inakuja kwa posta. Yetu
inapita mbele ya mlango kila mwaka, haibishi hodi."
Nikaona haya,
kama mtu aliyefananisha kiu yake na ukame.

Dakika tatu nitapewa. Nimejiandalia mengi:
Ruzizi, mpaka unaohama usiku,
kukumbukwa siku ya kodi.
Nitakayosema ni machache. Nitasema
nilifundishwa kazi na mtu ambaye nyumba hii haimhesabu.
Mwenyekiti, mtu mpole, ataniuliza
ninazungumzia kifungu gani.
Nitajibu sijui kifungu, najua uwanda.
Taa itakuwa nyekundu.
Nao hawataamua; wataahirisha mpaka Alhamisi,
na Alhamisi mpaka barafu ya mto ivunjike.

Hayo ni ya baadaye.
Sasa bado nipo mlangoni, mbele ya safu ya nne.
Aliyenitangulia ameandika kampuni ya mbao.
Aliyemtangulia yeye: mimi mwenyewe.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
methali tunayoikumbuka tukiona pilau,
tukaisahau ikitajwa dawa.

Wino umegoma kwa baridi. Napulizia ncha ya kalamu.
"Jina tu linatosha," Lorna ananiambia begani.
Wabiwa Mlondani. Lewiston.
Naunga mkono.
Na pale pa mwisho nachora reki,
utepe kwenye mpini, kisha meno.
Nafasi ni finyu. Yameenea saba.